Mwaka Tuliochoma Spiriti

Mama Felix hakunisalimia siku ile. Alipiga simu nikiwa kwenye duka langu la spea, nabishana na mteja juu ya gasketi, akasema tu, "Nekesa, baba Felix ameenda." Nyuma yake nilisikia viti vikiburutwa sakafuni na mwanamke mmoja akiuliza kama hakuna sufuria kubwa kuliko ile, nikajua majirani wameshaanza kuingia. Nilimpa mteja gasketi nyingine, nikafunga duka. Kabla ya kuondoka niliandika ujumbe katika kundi la simu la mafundi na wauza spea wa zamani, kwamba Ochieng' aliyekuwa akiishi mtaa wa Tena amefariki na kwamba watu wanakutana nyumbani kwake Tassia. Sikuandika kwamba aliwahi kuendesha magari ya mashindano. Hilo tulikuwa tumekubaliana zamani kutolisema, na mkono wangu ulilikwepa wenyewe kwa mazoea.

Niliporudi Tassia kesho yake nilimkuta mwanamume mmoja ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, kofia yake mapajani, miguu ameivuta pembeni ili wanaopanda na vyombo wapate njia. Nilimpita. Kisha nikasimama, nikarudi chini ngazi mbili, nikamtazama vidole. Uso ulikuwa umezeeka na nywele zimeisha, lakini vidole vilikuwa vilevile, virefu na bapa kwenye ncha, kama vilivyofinywa kwa koleo. "Karanja," nikasema. Akaitika kwa kichwa. Nikamuuliza kama ameingia ndani, akasema bado. Nikamuuliza ameketi hapo tangu lini, akasema tangu asubuhi, kwamba mtu alimtumia ujumbe wangu usiku. Nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikaketi kando yake. Huko juu waliimba wimbo wa kanisani, wakakosea ubeti, wakaanza upya.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepanga chumba Tena, kwenye ploti ya vyumba sita vilivyozunguka ua wa saruji wenye mfereji mmoja. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha Ochieng' na mkewe Beatrice, huyu Mama Felix wa leo, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mawe hadi usawa wa kichwa, kisha mbao hadi kwenye mabati, kwa hiyo nilisikia wakikoroga chai. Mchana nilifanya kazi katika gereji ya wazi karibu na barabara ya Outer Ring, msichana pekee kati ya mafundi wote, na fundi niliyekuwa chini yake ni Karanja. Karanja hakugusa gia wala breki. Alishughulika na kabureta peke yake, kile chombo kilichofungwa juu ya injini zote za wakati ule, kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuyaingiza kwenye moto. Watu walimletea kabureta wakiwa wamezifunga kwa gazeti kama nyama. Alikuwa hana mke, na baada ya kazi alikuja kula kwa Ochieng', nami nilikula hapohapo, kwa sababu Beatrice alisema ni ujinga watu wawili kuwasha majiko mawili ukuta mmoja.

Ochieng' alikuwa mwendeshaji wa mashine katika kiwanda cha plastiki, na kila kitu alichopata zaidi ya chakula na kodi kilikwenda kwenye gari moja. Lilikuwa gari dogo la zamani lisilo na vioo, milango wala viti vya nyuma, limebaki mifupa na injini. Alilikimbiza katika mashindano ya barabara ya vumbi, kwenye kiwanja kimoja nje ya mji upande wa njia ya Machakos, akishindana na watu waliokuja na magari yao juu ya malori na watoto wao wamevaa miwani ya jua. Alikuwa akimaliza wa nne, wa tano. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya juu kidogo, na alipokuwa akisimulia kona aliipiga kwa bega, hata akiwa na tonge mkononi. Nadhani sote watatu tulimpenda, kila mtu kwa namna yake, na sitasema zaidi ya hapo.

Spiriti ilianza na Karanja. Alikuwa amesikia kwamba huko ng'ambo magari ya mbio hayachomi petroli, yanachoma spiriti, ile ile kali wanayotumia watu wa rangi na kemikali, isiyonyweka. Alituelezea jioni moja tukila omena, akitumia kifuniko cha sufuria na kikombe cha maji. Alisema injini ikipewa spiriti inapoa, inavumilia kubanwa zaidi, inatoa nguvu ambayo petroli haiwezi kuitoa. Shida yake moja ni ulafi. "Petroli inaomba kikombe kimoja," alisema, akimimina maji juu ya kifuniko, "hii inaomba viwili na bado inataka kuongezwa. Ukiinyima kidogo tu, inatoboa pistoni." Ochieng' aliacha kula. Beatrice, aliyekuwa na mimba ya miezi miwili na alikuwa akitapika kila kitu isipokuwa ugali mkavu, alisema, "Yaani hiyo gari itakuwa inakula kunishinda mimi?" Tulicheka. Nakumbuka jinsi tulivyocheka, na mwanga wa taa ya chemni ukiruka kwenye ukuta, kwa sababu stima ilikuwa imepotea tena.

Pipa la bluu la spiriti lililetwa kwa mkokoteni na likawekwa nyuma ya mlango wa chumba chao, kwa sababu gereji haikuwa na ukuta. Beatrice alilichukia tangu siku ya kwanza. Lilikuwa na harufu ndogo tamu ambayo haikutoka kwenye mapazia, na yaliyokuwa ndani yake hayakuwa na rangi, yalikuwa kama maji tu. Wazee wawili wa ploti ile walikuwa wanywaji na pua zao zilikuwa kali, kwa hiyo aliwaambia majirani kwamba ni dawa ya choo ya kiwandani, akalifunga kwa mnyororo. "Mimi nalala na sumu kama mume wa pili," nilimsikia akimwambia Ochieng' upande wa pili wa mbao. Yeye akamjibu, "Ni mwaka huu tu, Beaty. Mtoto akizaliwa nauza kila kitu." Alisema hivyo mara nyingi mwaka ule, na kila aliposema alimaanisha.

Mara ya kwanza tulipoiwasha spiriti kiwanjani, gari lilikimbia kama limefukuzwa, kisha katikati ya ule mnyoosho mrefu likafa. Tulipofungua injini tulikuta pistoni moja ina tundu ambalo kidole changu kilipita. Karanja alikuwa ametoboa vijitundu vya mafuta ndani ya kabureta vikawa vipana vya kutosha, lakini chini yake kuna kibakuli kidogo kinachohifadhi mafuta, na gari liliponyooka na kuvuta kwa nguvu lilikinywa kibakuli kile haraka kuliko kilivyojaa. Likabaki na njaa sekunde chache, na sekunde hizo zilitosha kuyeyusha chuma. Tuliweka pistoni nyingine. Hiyo nayo ikatoboka, mvua za masika zikinyesha, na Ochieng' akarudi amelowa, akaketi kitandani na viatu. Kwa wiki kadhaa mazungumzo ya chakula yalikuwa hayo tu: kibakuli, pampu, mipira. Tulibadilisha mipira ya kupitishia mafuta ikawa minene. Tuliweka pampu ya pili. Bado njaa.

Kilichobaki ni mlango wenyewe wa kibakuli. Nitaueleza, kwa sababu ndio kisa chote. Ndani ya kibakuli kuna boya la shaba, na juu ya boya kuna sindano fupi iliyokaa kwenye tundu ambamo mafuta huingilia. Mafuta yakipanda, boya linapanda, sindano inaziba tundu. Yakishuka, sindano inaachia. Ni kama tangi la maji la juu ya paa. Karanja alilipanua lile tundu kwa drili, kidogo kidogo, akipuliza vumbi la shaba kama mtu anayepuliza uji wa mtoto. Sasa spiriti iliingia kwa wingi. Lakini tundu likiwa kubwa, pampu mbili zikisukuma, boya lile dogo lilikuwa na kazi ngumu kulifunga. Alijua. Alirefusha mkono wa boya ili upate nguvu, akajaribu mezani kwangu mara nyingi, akipuliza kwa mdomo na kusikiliza kama hewa inapita. "Ikikosa inatoboa," alisema, "ikizidi inamwagika. Sisi tunatafuta hapo katikati." Kulikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza. Spiriti ikilala ndani ya kabureta inavuta unyevu, inakula chuma, inaacha unga mweupe. Kwa hiyo kila tulipomaliza kukimbia, hata tukiwa tumechoka vipi, ilikuwa lazima kuimwaga yote, kupitisha petroli yenye oili, na kupangusa ile sindano.

Tulilipata hapo katikati mwezi wa saba. Sina namna ya kuueleza ule mlio kwa mtu ambaye hakuusikia. Petroli hufoka, lakini gari lile liliimba sauti moja iliyonyooka kutoka kona hadi kona, na bomba la kuingizia hewa lilipoa hadi likafanya jasho, kisha barafu nyembamba nyeupe, jua likiwaka. Ochieng' alimaliza wa pili, kisha wa kwanza. Wenye malori walikuja kuchungulia na Karanja akatupa gunia juu ya injini. Beatrice alianza kuja kiwanjani na chakula, tumbo limeshakuwa kubwa, akakaa chini ya mwavuli na akajifunza majina ya kona. Ule ndio muda mzuri wa mwaka ule. Haukufika miezi miwili.

Wiki ile ya mwisho Jumamosi ilikuwa ya majaribio na Jumapili ndiyo mashindano. Jumamosi gari lilikwenda vizuri kuliko siku zote. Jioni tulirudi Tena na kulipaki uani chini ya turubai, na Karanja akachukua bisibisi na mkebe wa petroli kama kawaida. Ochieng' alikuwa ameketi kwenye kizingiti na sahani ya githeri. "Karanja, wacha," alisema. Karanja akamwambia dakika chache tu. "Manze, si umeisikia leo? Inaimba. Ukifungua utaharibu kitu, na kesho asubuhi tutaanza kutafuta tena. Usiiguse." Kulikuwa na manyunyu, na hewa ilikuwa nzito. Karanja alisimama na ile bisibisi. Alinitazama mimi, nami nikainama kuikaza kamba ya turubai. Gari lilikuwa la mmoja na kabureta ilikuwa ya mwingine. Kisha akasema, "Sawa. Ni gari yako," akaweka bisibisi mfukoni na kuja kula. Beatrice alimpakulia akamwongezea, kwa sababu alidhani amechoka.

Jumapili palikuwa na jua kali na watu wengi. Ochieng' aliongoza tangu mzunguko wa kwanza. Kwenye mzunguko wa mwisho nilisikia mlio umebadilika, umekuwa mzito, unakwama, kama mtu anayekunywa maji huku anacheka, na Karanja naye alisikia kwa sababu alinishika mkono. Lakini gari lilipita mstari kabla ya mengine, likaenda mbele kidogo, likasimama. Ochieng' akatoka. Aliruka nje ya gari, akanyanyua mikono yote miwili, akaipunga, akaruka tena, akazunguka, akajipiga kifua, akajibwaga chini na kugaagaa mavumbini. Watu wakashangilia. Walipiga makofi, walipiga miluzi, mtoto mmoja akaanza kumwigiza. Karanja alipiga makofi. Beatrice alisimama kutoka chini ya mwavuli, mkono mmoja chini ya tumbo, akapiga makofi kwa mwingine juu ya paja lake. Hatukuona moto. Spiriti tupu ikiwaka juani haina moshi na mwali wake hauonekani, na wale tuliokuwa pale hakuna aliyewahi kuiona ikiwaka nje ya injini. Nilichokiona mimi ni mkono wa ovaroli yake ukijikunja wenyewe, ukiwa mweusi wenyewe, kama karatasi.

Aliyepiga kelele kwanza ni mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha karibu na kamba. Yeye alilisikia joto usoni. Alibeba ndoo yake ya maji ya kuoshea mikono, akakimbia akammwagia, kisha akageuka na kutupigia kelele sisi sote, "Mnacheka nini? Mtu anaungua! Leteni maji!" Ndipo makofi yakaisha, si kwa mara moja, yaliisha vipande vipande, waliokuwa mbali wakiendelea. Namshukuru yule mama hadi leo, na sikuwahi kumjua jina.

Sitaandika mengi juu ya wodi. Madaktari na manesi walifanya kazi yao, na alipona kwa maana ya kwamba hakufa. Upande mmoja wa uso ulivutwa chini hadi shingoni. Vidole vya mkono wa kulia vilishikana, na ule wa kushoto ulibaki na gumba na kidole kimoja. Beatrice alikaa kwenye benchi la nje kila siku na flaski ya uji, akiingia saa za kuruhusiwa na kutoka akiwa hana rangi. Karanja alikwenda mara moja tu. Ochieng' alikuwa amefungwa bendeji hadi machoni, na Karanja alisimama mlangoni, akatazama, akarudi. Siku iliyofuata aliing'oa kabureta kutoka kwenye lile gari lililoungua, akaileta mezani kwangu, akaifungua. Kwenye tundu alilolipanua kwa mkono wake palikuwa na ukoko mweupe, mwembamba, kama chumvi iliyokauka kwenye sufuria. Sindano ilikuwa imekaa juu ya ukoko ule, haizibi. Spiriti ilikuwa imefurika, ikashuka juu ya bomba la moshi lenye moto. Alinionyesha kwa ncha ya kisu. Aliifunga kabureta kwa gazeti, na wiki hiyo hiyo akahama. Nilisikia baadaye yuko Nakuru anatengeneza matrekta.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, Ochieng' akiwa amerudi nyumbani, amelala chali kwenye kitanda tulichokiweka karibu na dirisha. Mimi na Beatrice tulimlisha kwa zamu, mmoja akishika mtoto, mwingine akishika kijiko. Nilijifunza mwaka ule kwamba chumba kinaweza kujaa watu wanaopendana na kikawa kigumu kukaa. Hakuwa akipiga kelele. Aliongea kidogo, kwa sauti ya chini iliyobadilika kwa sababu ya koo, na jioni moja nikiwa chumbani kwangu nilimsikia kupitia mbao. "Nilikuona," alisema. Beatrice akamuuliza aliona nini. "Nilikuwa nakuita. Nilikuona ukipiga makofi." Nilisikia kitanda kikilia. Kisha Beatrice akasema, "Nilidhani umefurahi." Niliacha ugali wangu mezani ukapoa.

Nje, uani, watoto wa ploti walikuwa na mchezo mpya. Mmoja alijifanya gari, akasimama, akaruka mikono juu, akajipiga kifua, akaanguka, na wengine wakapiga makofi. Waliuita ngoma ya Ochi. Watoto hawana ubaya, walikuwa wameusikia kwa wakubwa wao waliousikia kiwanjani. Beatrice aliwafukuza kwa fagio, wakaenda kuucheza barabarani, na baada ya wiki chache ulikuwa umefika kwenye shule ya karibu. Kabla ya Krismasi walihama kwenda Tassia, ambako hakuna aliyewajua. Siku ya kuhama, tukiwa tumekaa juu ya magodoro kwenye mkokoteni, Beatrice alisema bila kunitazama, "Huko tunakoenda ilikuwa ni stovu. Stovu ya mafuta ya taa ililipuka. Umesikia, Nekesa?" Nikasema nimesikia. Ochieng' naye alisikia, na hakukataa. Tangu hapo ilikuwa stovu.

Aliishi hivyo miaka yote hii. Beatrice aliuza chapati asubuhi na githeri jioni, na Ochieng' akamlea Felix, akamvalisha viatu kwa gumba na kidole kimoja, akampeleka shule akiwa amevaa skafu hata kwenye joto. Nilikwenda kwao mara kwa mara. Tuliongea juu ya bei za vitu, mahubiri, mpira. Nilipowahi kutaja gereji, mara moja tu, alinyoosha kile kidole akaongeza sauti ya redio.

Pale kwenye ngazi za Tassia, Karanja aliniuliza juu ya hilo. "Alikuwa ananitaja?"

"Hapana."

"Hata kwa ubaya?"

"Hata kwa ubaya."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na hana pesa hizo. Nadhani angependelea matusi. Nilimshika kiwiko, tukapanda.

Chumba kilikuwa kimejaa. Felix, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mke na ambaye hufunga nyaya za umeme kwenye majengo, alikuja kutupokea kwa mikono miwili. "Shikamoo shangazi," aliniambia. Kisha akamgeukia Karanja. "Karibu mzee. Pole kwa safari. Wewe ulikuwa unamjua baba kutoka wapi?" Karanja akaizungusha kofia yake mikononi. Mama Felix alikuwa ameketi kwenye godoro kati ya wanawake wa kanisa. Alimtambua bila kuambiwa. Nilimwona akijivuta, akainuka kwa shida, akaja hadi tulipokuwa. Alituongoza sote watatu hadi chumba cha kulala na kufunga mlango.

"Mwambie," alimwambia Karanja.

"Nilikuwa fundi wa gari lake," Karanja akasema.

Felix akatabasamu kwa adabu. "Baba hakuwahi kuwa na gari, mzee. Labda umemchanganya na mtu."

Karanja alimwambia. Alianza vibaya, akianzia mwishoni, kwenye moto, ikabidi nimrudishe nyuma, nami nikasema yale niliyokuwa nayajua, na kati yetu tukalitoa lote, pipa, pistoni, lile tundu, jioni ya githeri. Hakujificha. Alisema, "Baba yako alisema niache, lakini mimi ndiye niliyekuwa najua." Felix alisikiliza akiwa ameegemea kabati. Rangi ya uso wake ilibadilika, na alipoongea hakumtazama Karanja wala mimi.

"Mke wangu nimemkataza stovu tangu tuoane," alisema. "Nimemfokea kwa ajili ya stovu. Gesi ilipoisha tulikula mkate siku mbili kwa sababu yangu. Nikiwa mtoto nilikuwa nikisikia mtu anapampu stovu nakimbia nje." Akamgeukia mama yake. "Kwa nini, mama?"

"Walikuwa wanacheza ngoma ya baba yako uani, ukiwa mgongoni mwangu."

"Tulihama. Nikakua. Kwa nini hukuniambia nilipokua?"

Mama Felix aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kile ambacho mumewe alikuwa amekilalia hadi juzi, na akalivuta shuka likanyooka kabla ya kujibu. "Kwa sababu na mimi nilipiga makofi," alisema. "Alikuwa ananiita, na mimi nikampigia makofi."

Mlango uligongwa, mtu akauliza chumvi iko wapi, na Felix akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilidhani atatoka amfuate huyo mtu na asirudi. Aliketi kando ya mama yake, akaweka mkono wake mgongoni mwake. Kisha alimwambia Karanja, bila upole na bila ukali, "Keti. Nieleze hiyo kitu ilikuwa inafanyaje kazi. Pole pole, kama mtu asiyejua." Karanja akatafuta kitu cha kuonyeshea, akachukua kikombe cha dawa kilichokuwa kwenye meza ndogo. Mimi nilitoka kwenda kuwasaidia wanawake kuchambua mchele, na kwa muda mrefu nilizisikia sauti zao nyuma ya mlango, moja ikieleza, nyingine ikiuliza, "Halafu?"

Ibada ilikuwa Ijumaa, katika kanisa la mabati karibu na nyumba zao, kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kwao. Felix ndiye aliyesimama kusoma maisha ya marehemu. Alisoma mahali pa kuzaliwa, shule, kiwanda. Kisha akaiweka ile karatasi chini na kusema kwamba baba yake alikuwa dereva wa magari ya mashindano, kwamba katika mwaka mmoja alishinda watu waliokuwa na kila kitu, na kwamba aliungua mbele ya watu wengi ambao hawakujua anaungua. Palizuka minong'ono. Wanawake wa kanisa walitazamana, na mchungaji akaangalia saa yake. Mama Felix alikuwa kiti cha mbele, ameinua uso. Felix alianza kueleza gari lenyewe, jinsi lilivyotumia spiriti badala ya petroli na jinsi ilivyopitia kwenye kabureta, na alipofika kwenye neno hilo alilitamka kwa mashaka, silabi moja moja, akasimama, akatazama kiti cha nyuma alikokuwa Karanja. Karanja akaitika kwa kichwa kumwambia ndivyo, na Felix akaendelea.